Shimo la Bi Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa mlangoni, ingia ndani, maana hadithi hii itakutisha.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na Bi Ngiri na wanawe watatu: Kwanza, Kati na Kitinda. Kiangazi kikaingia, nyasi zikaungua, mahali pa kujificha pakakosekana. Kisha Chatu akahamia bondeni. Wanyama wakaambizana, kila mtu afukue shimo lake.

Bi Ngiri alianza asubuhi, na jua halijafika utosini akawa amemaliza. Akajipangusa vumbi.

Jirani yake, Nungunungu, alikuwa bado anapima kwa hatua. Anagonga ardhi, anasikiliza. Anagonga, anasikiliza.

"Jirani, unafukua shimo au unalichumbia?" Bi Ngiri akamtania.

"Napanga, Bi Ngiri. Nataka mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na katikati pa kugeukia. Lako lina pa kugeukia?"

"Nigeuke niende wapi? Mimi nimeshamaliza."

Siku ya kwanza Chatu akammeza Digidigi. Bi Ngiri aliposikia, akawaita wanawe waje karibu.

"Panua shimo, jirani, nitakusaidia," Nungunungu akamwambia.

"Nimeshamaliza."

Siku ya pili Chatu akawameza Kanga, mume na mke. Bi Ngiri hakula siku hiyo kwa hofu.

"Panua shimo, jirani."

"Nimeshamaliza, nimekwambia!"

Siku ya tatu, mchana kweupe, majani makavu yakalia: shwaaa. Shwaaa. Bi Ngiri hakungoja kuona. Akatumbukia shimoni kichwa mbele, Kwanza nyuma yake, Kati nyuma ya Kwanza, na Kitinda mwisho kabisa. Wakabanana. Mbele ukuta, nyuma mlango wazi, na hakuna wa kugeuka.

"Mama," Kitinda akasema, "mlangoni pamekuwa giza."

"Nyamaza, mwanangu."

"Mama, kuna kitu baridi kimenigusa mguu."

"Sogea kwangu, mwanangu, sogea!"

"Mama, kinanivuta."

Bi Ngiri akapiga mateke, akajipinda, pembe zake zikachoma udongo mtupu. Mwanawe alikuwa anamwita, naye hakuweza hata kumwonyesha uso. Kitinda akaita, akaita. Kisha hakuita tena.

Nungunungu, akiwa shimoni kwake, alisikia kilio chao.

"Jirani, nyamazeni nijue mlipo!"

"Fukua tu! Popote!"

"Nikifukua popote, udongo utawaangukia."

Akagonga, akasikiliza. Akagonga, akasikiliza. Kila pigo Bi Ngiri aliliona refu kama mwaka. Mwishowe ukuta uliokuwa mbele yake ukapasuka. Akapita yeye, akapita Kwanza, akapita Kati, wakatokea mlango wa nyuma wa Nungunungu.

Kitinda hakutokea. Kwa mbali Bi Ngiri akamwona Chatu amelala mlangoni pa lile shimo, tumbo limevimba. Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Tangu siku hiyo ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Watoto hutangulia, mama hufuata kwa makalio, uso wake mlangoni. Mkimwona msimcheke. Anamtazamia yule aliyemchukua Kitinda.

Funzo ni hili, wanangu: ukianza kazi, kaa kwanza uifikirie mpaka mwisho wake. Ukikimbilia kumaliza tu, huenda atakayeumia si wewe, bali aliye mdogo kuliko wewe, aliyekufuata nyuma kwa kukuamini.

Hadithi yangu nimeifunga hapo. Ikiwakolea, nendeni nayo. Ikiwashinda, niachieni niondoke nayo. Mimi nakwenda kuutazama mlango wangu.