Masizi Kwenye Paji la Sungura

Zama zile wanyama walipokaa boma moja na kugombana kwa lugha moja, mvua iligoma. Mito ikabaki mchanga mtupu, na njaa ikawatia wakubwa adabu. Mfalme Simba, ambaye hakupenda kuulizwa maswali tumbo likiwa tupu, akatoa amri: kila asubuhi kila mnyama apakwe alama kwenye paji la uso. Udongo mwekundu, nenda kazini, kisha ule uji. Majivu, lala ndani upumzike. Masizi, umekwisha, pita mlango wa nyuma.

Kwenye mlango wa nyuma alikaa Fisi. Hakuuliza jina wala ukoo. Akiona masizi, anafungua mdomo.

Akatafutwa mpakaji. Wote walikubali kwamba mwenye akili kuwashinda wote ni Sungura, na aliyekubali kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Sungura mwenyewe. Akapewa vibuyu vitatu vya rangi, akatembea navyo kama aliyerithi ufalme.

Sasa, nje ya boma palikuwa na Kupe. Hana jembe, hana chungu, hata kuzaa kwake hungojea damu ya mwenziwe. Kila alipokaribia lango, Bibi Kanga, aliyekuwa mlinzi, alipiga kelele mpaka Mfalme akaamka. Basi Kupe akavizia siku Sungura alipotoka kuchimba udongo, akamdandia mguuni, akapanda taratibu, akaingia sikioni. Na sikio la Sungura, jamani, ni nyumba ya vyumba viwili na ukumbi.

"Mkono wako una baraka, kaka," sauti ikasema humo ndani.

Sungura hakushtuka. Alidhani ni mawazo yake mwenyewe, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa na desturi ya kumsifu.

Sauti ikamshauri kwamba Kanga amechoka kwa kelele, apumzishwe. Sungura akampaka majivu. Kanga akaenda kulala, lango likakosa mlinzi. Sauti ikashauri wapishi wapakwe udongo mwekundu asubuhi na tena jioni, wapike bila kupumzika. Akawapaka. Kisha ghalani wakaonekana viumbe wadogo wa mviringo, watoto wa Kupe, na sauti ikasema hao ni vibarua wapya. Sungura akawapaka wekundu mmoja mmoja, akijipongeza kwa kutobagua wanyonge.

Uji wote ukaenda ghalani. Ngiri akakonda mpaka pembe zikawa nzito kuliko yeye. Kobe alipolalamika alipakwa masizi, na kilichomwokoa kwa Fisi ni gamba lake tu. Kanga, majivu yalipompukutika, akaamka, akaona ghala lilivyo, akaanza kupiga kelele kuliko zamani.

"Huyu amekwisha," sauti ikasema. "Masizi."

Mkono wa Sungura ukasita, maana vifaranga wa Kanga walikuwa wamesimama pale pale wakimtazama. Lakini nani ataiacha akili yake mwenyewe kwa ajili ya vifaranga? Akachovya, akampaka. Kisha, jua likiwa kali, akajifuta jasho la usoni kwa mkono uleule.

Fisi akamkamata Kanga. Akamtazama Sungura, akamkamata na yeye.

"Bwana Fisi, mimi ndiye mpakaji," Sungura akasema.

"Una masizi."

"Nimejipaka kwa bahati mbaya."

"Kila anayepita hapa ana sababu," Fisi akajibu, akiwapima kwa macho aanze na yupi.

Sungura aliogopa sana, akayaomba mawazo yake ushauri. Yakanyamaza. Ndipo alipohisi mawazo hayo yanatoka sikioni kwa miguu minane, mbio. Kanga akanyoosha shingo, akadonoa mara moja, akameza.

"Huyo ndiye aliyekuwa akikushauri?" akauliza.

"Nilidhani ni akili yangu, bibi," Sungura akasema, na aibu ilimchoma kuliko meno ya Fisi yaliyomsubiri.

"Sikulaumu. Mlikuwa mmefanana majivuno."

Hapo akili ya kweli, ile ndogo iliyobaki, ikamrudia. Akamwambia Fisi kwamba yeye na Kanga ni masikio na manyoya tu, ila ghalani wamejaa wanene wa damu tupu. Fisi akamaka kwamba wale ni wekundu, naye hula masizi.

"Na masizi yakihama?" Sungura akauliza.

Akafuta paji lake, akafuta na la Kanga, masizi yote yakabaki kiganjani. Fisi, ambaye alijua alama bila kujua sura, akawaachia wote wawili akaufuata mkono. Ghalani Sungura akawagusa watoto wa Kupe mmoja mmoja, na Fisi akawameza na wekundu wao, hata asiulize ladha.

Mfalme Simba alipoelezwa alisema alijua tangu mwanzo. Hakuna aliyembishia. Sungura akaachiwa vibuyu vyake, kwa sharti moja: kila asubuhi, kabla hajachovya kidole, ainamishe kichwa mbele ya boma zima Bibi Kanga amkague masikio.

"Tazama vizuri, bibi," husema mwenyewe, vifaranga wakicheka. "Nikisikia nasifiwa tena, donoa kwanza, tuulizane baadaye."

Kikulacho ki nguoni mwako; na Sungura, maskini, hakuwa hata na nguo.