Hodi ya Jumbani

Mnacheka mkiwasikia watu wakipiga hodi pale Jumbani, penye nyasi tupu na mbuzi. Chekeni, lakini sikilizeni.

Zamani pale palisimama jumba la mapumziko la mfalme, la ghorofa mbili, milango yake ya mninga. Mfalme alikuja msimu wa joto, akikimbia vumbi la mji. Alilijenga katika kiunga cha mjane, Bi Mize, na ndani ya ukuta likabaki kaburi la Siti, bintiye. Mjane hakudai kitu, ila kila Ijumaa apige hodi, afunguliwe, alimwagie kaburi maji na kumsomea mwanawe. Mfalme alikubali, na muda wa uhai wake hodi ile iliitikiwa.

Mwana wa mfalme aliporithi, alichoshwa na sauti ya kikongwe. Akaamuru, "Asiitikiwe na mtu."

Nanyi mnaijua adabu yetu: hodi tatu, usipojibiwa unarudi. Bi Mize alirudi. Ijumaa saba alirudi na kata yake ya maji, na jambo hili huniuma kila nikilisimulia. Ijumaa ya nane aliwakuta mlangoni wachukuzi wa maziwa na kuni. Akapiga hodi tatu. Kimya. Akawageukia, akasema bila hasira, "Wanangu, rudini. Nyumba isiyoitikia hodi haina watu."

Neno likashika. Nani apeleke maziwa pasipo watu? Wapishi nao, waliposikia kwamba hawamo, wakaenda zao. Na kwa kuwa gofu halina mwenyewe, majirani wakaja mchana kweupe, huyu akabeba mlango, yule boriti. Mfalme akatoa kichwa dirishani, akafoka, "Mimi nimo!"

Mzee mmoja aliyebeba kizingiti akamwambia mwenzake, "Upepo wa leo una maneno."

Mfalme akashuka, akaondoka kwa miguu. Mvua zikamalizia kuta.

Bi Mize sasa angeweza kuingia popote, lakini adabu haikumruhusu. Alisimama palipokuwa mlango, akapiga hodi. Majirani waliokuwa wakilima wakaitika kwa pamoja, "Karibu, mama!" Akalia, akapita, akalimwagia kaburi maji.

Na tangu siku hiyo, apitaye Jumbani hupiga hodi, na aliye karibu, hata awe mgeni, humwitikia. Ukipita peke yako, jiitikie mwenyewe, Siti asije akadhani hapana watu.