Ndoo ya Kwanza ya Igunguli

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, ni za juzijuzi tu watu walipokuwa wakipanda vichuguu kutafuta mtandao wa simu, palikuwa na mwanamke aitwaye Kalunde. Sogeeni karibu na mfungue masikio, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Kalunde alikuwa mpangaji wa safari za mafundi wa pampu. Vijiji tisa, visima tisa, mafundi watatu. Mafundi wale hawakujua kiti wala meza, kazi yao ilikuwa baiskeli, vumbi na grisi. Mwenye kiti alikuwa Kalunde peke yake. Mbele yake ukutani palikuwa na ubao wenye misumari tisa, msumari mmoja kwa kila kijiji, na njia zimechorwa kwa chaki kutoka msumari hadi msumari. Fundi akitumwa, kibao chenye jina lake kinatundikwa kwenye msumari wa kijiji alikokwenda. Na sheria za Kalunde zilikuwa tatu. Aliyetangulia kutoa taarifa ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Fundi haondoki alipo mpaka kibao chake kihamishwe. Na aliyefanya kazi siku kumi mfululizo anapumzika mbili, atake asitake.

Watu walimsema. "Yule ana roho ya msumari," walisema. Alisikia, akaendelea kutundika vibao. Yeye alikumbuka siku za kabla ya ubao, mafundi walipokimbilia kwa wenye kelele, na vijiji vya watu wapole vikakaa miezi bila maji.

Fundi wa kwanza aliitwa Mihayo, mtu mzima, mzito wa mwendo. Ukimwambia kaa, anakaa. Wa pili aliitwa Jilala, kijana mwepesi, moyo wake ukiwa mbele na akili ikimfuata nyuma inahema. Wa tatu alikuwa Nyanzala, mwanamke mcheshi, mikono yenye nguvu. Na kulikuwa na chombo walichokuwa nacho kimoja tu wote watatu: kibanio kizito cha chuma, cha kuyashika mabomba marefu yasitumbukie kisimani wakati wa kuyavuta.

Basi kiangazi kikawa kikali. Jumatatu pampu ya Mwamkaya ikafa. Kalunde akamtuma Mihayo na kibanio, akatundika kibao. Jumanne pampu ya Sungwa ikagoma. Kazi ndogo ile, ya kubadilisha mipira ya ndani ya pampu tu, haihitaji kibanio. Akamwambia Jilala aondoke kesho yake alfajiri, akatundika kibao. Jioni hiyo Nyanzala akatimiza siku kumi, akaenda kwao kupumzika.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Alikuwa Bi Milembe, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Igunguli. Na Bi Milembe, ndugu zangu, alikuwa mama mzazi wa Kalunde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mengine baadaye, mwanangu. Pampu imekufa. Tunachota dimbwini, sisi na ng'ombe, pamoja."

"Poleni sana. Nimeandika, mama. Ninyi ni wa tatu. Mihayo akimaliza Mwamkaya atanipigia, nami nitamleta kwenu."

"Wa tatu?" Bi Milembe akauliza. "Wazee wameshakaa. Wamesema Ijumaa ikifika hakuna maji, kijiji kinahamia ng'ambo ya mto. Mimi nikihama safari hii sirudi. Miguu yangu haina safari mbili."

Kalunde akaandika: Igunguli, wa tatu. Aliandika huku analia, siwafichi, lakini aliandika.

Sasa mfuateni Mihayo. Jumatano mchana pampu ya Mwamkaya ilikuwa imepona. Mihayo akainama kutazama kazi yake kwa mara ya mwisho, na simu ikamchomoka mfukoni, chubwi! ikaingia kisimani. Namba ya Kalunde hakuijua kwa kichwa, na mwenyekiti wa kamati ya pale, mwenye namba hiyo, alikuwa safarini. Wanakijiji wakamwambia, "Mzee, si urudi tu ofisini?" Akajibu, "Kibao changu kiko hapa." Akakaa kwenye kichuguu na kibanio chake, akangoja.

Sasa mfuateni Jilala. Njia ya Sungwa inapita katikati ya Igunguli. Jilala akafika, akaona foleni ya wanawake dimbwini, akamwona Bi Milembe anakunja mikeka yake.

"Hamjaletewa fundi?"

"Sisi ni wa tatu, baba."

"Basi mimi nimefika wa kwanza," Jilala akasema, akaegemeza baiskeli. Sungwa akaisahau. Siku hiyo akafungua kichwa cha pampu, akasuka kamba. Alhamisi kulipokucha akawapanga wanawake ishirini na wanne, wakaanza kuvuta. Bomba la kwanza likatoka. La pili likatoka. La tatu likatoka. Hapo kamba ikaanza kukatika nyuzi, na Jilala akatazama pembeni kutafuta kibanio. Hakipo! Kiko Mwamkaya.

Wakiachia, mabomba yote yanazama, na kisima kimekwisha milele. Kuyashusha taratibu nako hakufai, kamba ikisogea tu inakatika. "Shikeni!" Jilala akapiga kelele. Wakashika. Kumi na wawili wanashika, kumi na wawili wanapumua. Wanabadilishana, wanashika tena. Viganja vikachubuka, na Bi Milembe alikuwa mbele kabisa, akikataa kubadilishwa.

Saa hiyohiyo ofisini simu ikalia. "Sisi wa Sungwa. Fundi wako tangu jana hatujamwona."

Kalunde akautazama ubao. Kibao cha Jilala kiko Sungwa, Jilala hayuko Sungwa. Akaifuata njia kwa kidole, kidole kikafika Igunguli, kikasimama. Alimjua Jilala, hawezi kuwapita wanawake wenye kiu. Akakumbuka kwamba Jilala hana kibanio. Akampigia Jilala, hapatikani. Akampigia mama yake. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Akampigia Nyanzala. "Leo unapumzika, na sheria ni yangu mwenyewe. Siwezi kukutuma. Nakuomba. Sungwa hawana fundi."

"Dada, nimesukwa upande mmoja wa kichwa."

"Najua nakuomba nini."

"Basi Sungwa watauona upande huohuo," Nyanzala akasema, akachukua baiskeli.

Na Mihayo? Simu yake haipatikani. Mwingine angejiuliza, sijui yuko wapi. Kalunde hakujiuliza. Mihayo yuko pale kibao kinaposema yuko. Akafunga ofisi ambayo haikuwahi kufungwa mchana, akapanda baiskeli ambayo hakuipanda miaka kumi na mitano, akakanyaga mpaka Mwamkaya. Akamkuta juu ya kichuguu.

"Karibu," Mihayo akasema. "Nimemaliza tangu jana mchana."

Kalunde alitaka kumpigia kelele, na alitaka kumkumbatia. Hakufanya hata moja. "Kibao chako kimehama," akasema. "Twende Igunguli."

Walifika alasiri, kamba imebaki nyuzi tatu. Mihayo akashuka. Akakitia kibanio, akakaza. "Achieni," akasema. Wakaachia, mabomba yakabaki pale pale. Wanawake wakaketi chini kama walivyokuwa, wengine wakicheka, wengine wakilia. Jilala na Mihayo wakavuta yaliyobaki, wakaunga palipovunjika, wakarudisha. Bi Milembe akapiga pampu. Mara ya kwanza, upepo. Mara ya pili, tope. Mara ya tatu, maji! Vigelegele vikasikika mpaka malishoni, ng'ombe wakageuka wenyewe kurudi.

Ila Igunguli wana desturi yao. Kisima kikifufuka, ndoo ya kwanza hupewa mtu mmoja aliyeleta maji. Anakunywa, ananawa uso mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo kisima kinaitwa kwa jina lake. Ndoo hiyo haigawanywi, waliovuta kamba hawaiwanii kwa kuwa kisima ni chao, na kabla haijapata mwenyewe hakuna anayechota ya pili.

Bi Milembe akaishika ndoo. "Nimpe nani?"

Jilala akasema, "Nisingesimama, kusingefunguliwa kitu. Mihayo angekuwa kwenye kichuguu hata Ijumaa, nanyi mngekuwa njiani na mikeka kichwani. Kisima ni changu."

"Nawe uliwaacha Sungwa," mtu akasema, "na karibu ukizike kisima chetu."

Jilala akainamisha kichwa. "Ni kweli. Lakini nilisimama."

Mihayo akasema taratibu, "Mimi nilikaa. Mlidhani nimelala, lakini ningekuwa nazurura, dada Kalunde angenitafuta vijiji vingapi? Nilionekana kwa sababu nilikuwa mahali pangu."

Pakasikika kengele ya baiskeli. Ni Nyanzala, anatoka Sungwa, nywele upande mmoja zimesukwa, upande mmoja zimesimama. Watu wakacheka, naye akacheka. "Sungwa wanakunywa," akasema. "Nilitoka siku yangu ya kupumzika bila kutumwa, nikaombwa tu. Nisingekwenda, leo mngenywa maji yenu juu ya kiu ya wenzenu. Hapa sikugusa bomba. Lakini niambieni, maji haya yangewashuka vizuri?"

Wote wakamgeukia Kalunde. Alikuwa amesimama nyuma, ameshika baiskeli. Hakusema "ni changu". Wengine wakamsemea. "Ni yeye aliyeutazama ubao akatuona tulipo!" Mwingine akapinga: "Huyu ni mtoto wa hapa, ndoo ni ya mgeni." Mwingine akajibu: "Kaolewa mbali miaka yote hii, si mgeni huyo?"

Bi Milembe akamfuata mwanawe, ndoo mkononi. "Nilisikia simu inalia kibindoni," akasema. "Ningeipokea kwa mkono gani?" Akamwonyesha viganja. Kalunde akavishika, akalia mbele ya watu.

"Uliniweka wa tatu, mwanangu. Mama yako."

"Ndiyo, mama."

"Kesho pampu ikifa tena, na wengine wametangulia?"

Kalunde akapangusa machozi. "Nitakuweka wa tatu, mama. Halafu nitakanyaga baiskeli mapema zaidi."

Bi Milembe akaitua ndoo. Kisha akacheka, akaenda nyumbani akaikunjua mikeka yake yote sakafuni, akarudi. Akasimama katikati yao wanne, ndoo imejaa mpaka ukingoni, akamtazama huyu, akamtazama yule. Mpaka sasa amesimama hapo, na ndama mmoja ameshaanza kunyoosha shingo kuelekea ndoo.

Basi semeni, na semeni upesi, maana kijiji kizima kina kiu na hakuna anayechota mpaka mjibu. Jilala aliyesimama bila kutumwa, Mihayo aliyekaa mpaka akatumwa, Nyanzala aliyeziba pengo kwingine, au Kalunde aliyemweka mama yake wa tatu. Je, ndoo ya kwanza alistahili nani?