Yuda Naye Ana Shingo

“Mbuzi wako amekula miche yangu yote ya kahawa, Otmari!”

“Jenga ua, Wendelini. Mbuzi hajui kusoma mipaka.”

“Nitamnyonga huyo mbuzi! Na siku moja nitamnyonga na mwenyewe!”

Kijiji kizima kilisikia, na kijiji kikisikia neno kama hilo hakilitupi, kinaliweka akiba. Sasa ninyi mmemsikia mama jirani akisema “Yuda naye ana shingo,” mkacheka, mkaja kuniuliza ni maneno gani hayo. Basi methali hiyo ilianza hivi, kwa mbuzi na miche ya kahawa.

Otmari Kinunda alikuwa mkulima, mtu wa mzaha. Wendelini Mbunda, jirani yake, alikuwa mchinjaji mwenye bucha karibu na kanisa. Siku hizo padre alikuwa ametuletea igizo la Ijumaa Kuu. Alisema zamani sana kule Ulaya watu hawakujua Kilatini cha ibada, kwa hiyo mapadre wakaanza kuwaigizia asubuhi ya Pasaka palepale altareni: malaika anawauliza wanawake waliofika kaburini, “Mnamtafuta nani?” Maneno machache tu. Lakini kitu kitamu hakikai ndani. Igizo likakua, likatoka mlangoni, likafika sokoni, na kila chama cha mafundi kikapewa kipande chake. Nasi tukagawana vivyo hivyo: maseremala msalaba, wahunzi misumari, akina mama wa vitumbua Karamu ya Mwisho. Wachinjaji wakapewa kifo cha Yuda, maana wao ndio waliojua kutundika.

Kura ya kuwa Yuda ilipigwa kijiji kizima, ikamwangukia Otmari. Hapo wazee wakaongeza la kwao, ambalo padre hakulifundisha. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka, mtu huyo haitwi jina lake. Ni Yuda, basi. Atakayemwita kwa jina lake, laana ya Yuda itahamia nyumbani kwa huyo aliyeita. Skolastika, mke wa Otmari, alikuwa mjamzito. Alimwita mumewe Yuda Kwaresima nzima, “Yuda, maji ya kuoga tayari,” na kila akimwita alijishika tumbo.

Ijumaa Kuu watu walijaa uwanjani mpaka wengine wakapanda juu ya ghala la kahawa. Chini ya kanzu, Otmari alifungwa mkanda mpana wa ngozi kifuani, wenye kulabu ya chuma mgongoni. Kamba ilishika kulabu hiyo. Kitanzi cha shingoni, kilichofungwa kwenye kamba hiyohiyo, kilining'inia kimelegea, cha kupumbaza macho tu. Wendelini alisimama nyuma ya pazia, akiivuta kamba iliyopita juu ya boriti. Jukwaa hakuliona. Alisikia sauti za watu tu.

“Nimeisaliti damu isiyo na hatia!” Otmari alilia, kamba ikampandisha juu, na watu wakamzomea kwa raha zao.

Kisha kulabu ikachomoka.

Mwili ukashuka shubiri moja, kitanzi kikakaza. Miguu ikaanza kupiga hewa. Mikono, ambayo ilitakiwa kulegea, ikapanda kukwaruza koo. Uwanja ukalipuka. Hajapata kutokea Yuda aliyekufa vizuri namna ile! “Juu! Mpandishe juu!” watu wakapiga kelele. Na nyuma ya pazia, Wendelini akavuta.

Skolastika aliiona ile mikono, akainuka.

“Yuda anakufa!” akapiga ukunga.

“Afe!” uwanja ukaitikia.

“Jamani, Yuda anakufa kweli!”

“Na afe kweli! Kaa chini, mama, unatuziba.”

Kila alipolia, walizidi kushangilia. Miguu kule juu ilikuwa imeanza kutulia. Lilibaki neno moja tu, na neno hilo ndilo alilokatazwa. Akalikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili, akafumba macho.

“Otmari! Otmari Kinunda anakufa!”

Watu wakanyamaza kama waliosikia tusi altareni. Kisha wakatazama juu, na kwa mara ya kwanza siku ile wakaona mtu.

Wendelini naye alilisikia jina, akaiachia kamba. Padre akakata kitanzi. Otmari alikuwa amebadilika rangi, macho yamemtoka. Wendelini akambeba mabegani mpaka nyumbani, Skolastika nyuma yake, hajui anafuata mgonjwa au maiti, wala hajui laana imeingia wapi. Mtoto alizaliwa mzima, msihofu. Ndiye huyo mama jirani mliyemcheka.

Lakini uwanjani hofu ilikuwa inatafuta wa kumwangukia. Mmoja akasema, “Si alisema atamnyonga?” Neno likapita mdomo kwa mdomo, na lilipofika kwa ukoo wa Kinunda, mbuzi mmoja alikuwa amekuwa vita vya koo mbili. Wendelini alipotoka nje baada ya kumlaza mgonjwa, alikuta ua umejaa watu wenye mawe. Wengine walikuja na ile kamba.

“Yuda ni huyu!”

“Sikuona, ndugu zangu! Nilisikia mnasema juu, nikavuta!”

“Hata Yuda alikuwa na maneno matamu.”

Kitanzi kipya kikapita kichwani pake.

Mlango ukafunguka. Otmari alisimama ameegemea bega la mkewe, shingo imevimba. Sauti yake ilikwaruza kama tupa kwenye bati.

“Mtoeni hiyo kamba.”

“Alikusudia, Otmari! Alisema mwenyewe, kwa ajili ya mbuzi wako!”

“Inawezekana. Moyo wake mimi siujui, na ninyi hamuujui.” Akagusa koo, akakunja uso. “Ninachokijua ni hiki kinavyouma. Mlinitazama nikifa mkapiga makofi, kwa sababu nilikuwa Yuda. Sasa Yuda mmempata mwingine. Sikilizeni: Yuda naye ana shingo.”

Aliyeshika kamba akaiachia kama imemuunguza. Mawe yakadondoka moja moja, na watu wakaanza kuondoka bila kuagana. Wendelini alibaki palepale, kitanzi bado kiko shingoni.

Otmari akasogea, akamvua kwa mkono wake.

“Ingia ndani ule, Wendelini. Ila ni maharage, mchinjaji. Leo Ijumaa Kuu, hakuna nyama.”