Lenzi Iliyongojwa Siku Mia Nne na Ishirini

Tarehe 12 Machi 2022, siku ya Jumamosi, Bwana Ombeni Elineema Mshana, mpiga picha wa mjini Same mwenye umri wa miaka hamsini na minane, aliinua kamera yake mbele ya maharusi, akafumba jicho la kushoto kama alivyofanya tangu mwaka 1991, akachungulia kwa jicho la kulia, na akaona kwamba kona za picha zimeingia giza.

Aliishusha kamera, akaipuliza lenzi, akaifuta kwa kitambaa laini. Akachungulia tena. Giza lilikuwa palepale, hafifu, kama moshi uliojibanza pembeni.

"Lenzi imechoka," alijisemea.

Jioni ile aliiandika tarehe hiyo kwa kalamu ya wino juu ya boksi la lenzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutunza kumbukumbu.

Dhana yake haikuwa ya kijinga. Kamera yake ilikuwa ya kisasa, zile zisizo na kioo cha ndani, lakini lenzi ilikuwa ya zamani, ya kamera za kioo, naye alikuwa ameviunganisha viwili hivyo kwa pete ya chuma. Kila mpiga picha mjini alijua kwamba muungano wa namna hiyo huweza kuzitia kona kiza. Basi Bwana Ombeni alikuwa na maelezo, na mtu akishapata maelezo hulala usingizi.

Wapiga picha wa Same walikuwa na desturi ya kukutana kila Jumamosi asubuhi katika studio ya Hatibu Msuya kabla ya kutawanyika kwenda harusini. Mwaka ule mazungumzo yao yalikuwa ni lenzi mpya tu. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimetangaza kwamba kinatengeneza lenzi mahususi kwa kamera zisizo na kioo, na chama chao kilikuwa kimekubaliana kuagiza moja, itumiwe kwa zamu.

"Inatoka Septemba," alisema Hatibu, aliyekuwa kijana kuliko wote na mwenye maneno kuliko wote. "Nyepesi kama kikombe cha chai. Inaona hata ndani ya kanisa lililokatiwa umeme."

"Septemba ya mwaka gani?" aliuliza Bi. Namsifu Mbwambo.

"Dada Namsifu, wewe huna imani."

"Imani ninayo, mdogo wangu, ila si kwa watu wa kiwandani. Mwaka jana walisema Juni. Na ikija itaonyesha kila chunusi ya bibi harusi, na wa kwanza kufokewa na mama mkwe utakuwa wewe."

Walicheka. Mwingine akasema anachohofia ni kiwanda kubadilisha tena mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, lenzi zote walizo nazo zibaki kuwa mapambo ya kabatini. Hapo hawakucheka sana.

Bwana Ombeni hakuwa na shaka yoyote. "Acheni ije," alisema. "Mimi ninaihitaji kuliko ninyi nyote."

"Hata ikija, zamu ya kwanza tumpe dada Namsifu," alitania Hatibu, "aipake mafuta ya pua."

Bi. Namsifu alizaliwa hivyo: hakuweza kuchungulia kwa jicho la kulia. Alitumia la kushoto, na kwa sababu hiyo pua yake iligandamiza kioo cha nyuma cha kamera na kuacha alama ya mafuta. Bwana Ombeni mwenyewe ndiye aliyeanzisha mzaha huo, yapata mwaka 2004. "Mpiga picha wa kweli ana jicho la kulia," alipenda kumwambia. "Hilo lako ni la kukonyezea."

Septemba ilifika, lenzi haikufika. Ikasemwa Desemba. Desemba ikasemwa robo ya kwanza ya mwaka unaofuata.

Wakati huo moshi wa pembeni ulikuwa ukisogea katikati. Wateja wakaanza kurudisha picha. Katika picha ya kipaimara ilionekana ndoo ya kudekia upande wa kulia. Katika picha ya ukoo mzima wa mzee mmoja wa kijiji cha Mwembe alionekana mtu baki akitafuna muwa, kasimama kama ndugu.

"Hukumwona huyu?" aliuliza mzee yule.

"Lenzi hii, mzee wangu, imechoka. Nyingine iko njiani."

Mkewe, mama Eliya, aliona mengine. Aliona mumewe akiangusha chupa ya chai iliyokuwa mezani upande wake wa kulia. Alisikia kwamba baiskeli zilikuwa zimemkwaruza mara mbili barabara ya sokoni, naye akidai zilitokea hewani.

"Baba Eliya, nenda ukapime macho."

"Macho yangu mazima. Nipe hilo gazeti." Akalichukua, akamsomea tangazo dogo kuliko yote ukurasani, bila miwani, neno kwa neno. "Umeridhika?"

Mama Eliya hakuridhika. Na ukweli ni kwamba Bwana Ombeni pia hakuridhika. Zilikuwapo asubuhi ambapo, akiwa peke yake, aliweka kamera jichoni bila kuwa na kitu cha kupiga, akakuta ile duara ya mwanga imepungua kidogo kuliko wiki iliyopita. Hapo aliirudisha kamera mkobani haraka, akafungua simu na kusoma habari za lenzi ijayo. Alizisoma kama mtu anayesoma barua ya msamaha.

Lenzi iliwasili Same Jumamosi, tarehe 6 Mei 2023.

Hatibu alikata utepe wa boksi kwa wembe. Wote walisogea. Ilikuwa nyepesi kama walivyoahidiwa, nyeusi, haina hata alama ya kidole. Wakakubaliana kwamba Mzee Ombeni, aliyesubiri kwa shauku kuliko wote, aonje kwanza.

Alitoa pete ya chuma na lenzi yake ya zamani. Akafunga ile mpya. Ilisikika tak! Alimsimamisha Bi. Namsifu mbele ya pazia, akafumba jicho la kushoto, akachungulia.

Giza lilikuwa palepale.

Kisha akasema kwa sauti kavu, "Hata hii mbovu. Wametuuzia mbovu."

"Mbovu vipi, mzee?" Hatibu alishtuka.

"Kona zake nyeusi tititi. Sioni kitu pembeni."

"Piga tuone," alisema Bi. Namsifu.

Alipiga. Wenzake wakainama juu ya kioo cha nyuma cha kamera. Picha ilikuwa angavu kutoka kona hadi kona. Katikati alisimama Bi. Namsifu, na upande wa kulia, ndani kabisa ya picha, alisimama Hatibu na birika la chai kichwani, ametoa ulimi. Alikuwa ameingia pale kufanya mzaha, akingoja kufukuzwa.

Wengine walianza kucheka. Bi. Namsifu hakucheka.

"Kaka Ombeni," alisema polepole, "lenzi imemwona Hatibu. Nani hajamwona?"

Kicheko kilikatika. Hatibu aliliteremsha birika kichwani.

"Weka kamera tena," alisema Bi. Namsifu. "Sasa fumba la kulia. Tumia la kukonyezea."

Katika miaka thelathini na miwili ya kazi, Bwana Ombeni hakuwa amewahi kuweka jicho la kushoto kwenye kamera. Alijitahidi kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Pua yake iligusa kioo. Akaona pazia lote. Akaona meza, dirisha, kalenda ya ukutani, na Hatibu aliyesimama ameduwaa pembeni. Kona zote nne zilikuwa na mwanga.

Alirudi jicho la kulia. Giza. La kushoto. Mwanga. La kulia. Giza.

Akakaa chini sakafuni, lenzi mpya mapajani, na jasho likamtoka kana kwamba amebeba gunia.

Jumatatu, tarehe 8 Mei, mama Eliya alimpeleka hospitali. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti karibu.

"Ni presha ya macho, mzee. Haiumi, na haigusi katikati mpaka mwisho. Ndiyo maana unasoma gazeti vizuri. Inakula kuanzia pembeni. Ulianza kuona hali hii lini?"

Bwana Ombeni hakuhitaji kukisia. "Tarehe kumi na mbili Machi, mwaka jana."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Una hakika?"

"Niliiandika."

Kutoka tarehe ile hadi siku lenzi ilipofika ni mwaka mmoja, mwezi mmoja na siku ishirini na nne, yaani siku mia nne na ishirini. Bwana Ombeni alizihesabu pale pale kitini, kimoyomoyo, huku mkewe amemshika mkono.

"Kilichokwenda hakirudi," alisema daktari. "Na la kushoto limeshaanza kuguswa, ingawa kidogo sana. Hilo tunaweza kulilinda kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yako yote. Ungekuja mwaka jana, tungelinda mawili."

Jumamosi iliyofuata aliingia studioni kwa Hatibu. Alichukua kamera ya chama, akaiweka jicho la kushoto, akapiga picha moja ya wote waliokuwapo, akaishusha. Kioo cha nyuma kilikuwa na alama ya mafuta.

Bi. Namsifu alimpa kitambaa chake. "Utazoea, kaka," alisema. "Mimi nimezoea, na mizaha yako juu."

Funzo: Wapo wanaoituma hadithi hii wakiandika mwishoni kwamba Bwana Ombeni alipofuka, na kwamba mtu aridhike na kifaa chake cha zamani. Yote mawili si sahihi. Bwana Ombeni anapiga picha hadi leo, tena kwa lenzi hiyohiyo mpya, ambayo ni nzuri. Na ile ya zamani nayo haikuwahi kuwa na kosa. Funzo lenyewe ni hili: hofu usiyotaka kuitazama haikai ikikungoja, hivyo siku unayoiandika tarehe ya tatizo, siku hiyohiyo jichunguze wewe kabla ya kukichunguza kilichomo mkononi mwako.