Simba wa Bakora ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, palikuwa na mtu maskini aliyeitwa Mwinchande, naye alikuwa mchongaji mbaya kuliko wote waliopata kushika tezo. Mwenyewe alilijua hilo wala hakulificha. Alichonga mwiko, mkewe akautumia kuchochea moto. Alichonga kiti, mgeni akaona heri akae chini. Watu wakimcheka, naye hucheka nao, tena yeye ndiye huanza. Bahati yake ilikuwa moja tu, kumwoa binti wa Fundi Haruni, mchongaji hodari wa mji ule. Mzee yule alimpenda mkwewe kama alivyo, ila alimsihi asichongee mahali panapoonekana kutoka njiani.

Basi Sultani Shehali alimwagiza Fundi Haruni amchongee bakora ya mpingo yenye kichwa cha simba. Fundi akaichonga, akaisugua kwa majani ya msasa hata ikawa laini, akaipaka mafuta ya nazi ikang'aa. Ikabaki jambo moja, desturi ya wachongaji wa Mwambakuu: bakora haitoki kwa fundi mpaka yeye mwenyewe aiegemee, atembee nayo hatua chache, asikie inavyogonga chini. Ikawa Fundi Haruni anatembea nayo mbele ya nyumba yake, na Sultani naye anapita akitoka msikitini.

"Unaegemea bakora yangu!" akasema Sultani, na hasira zikampanda. "Kumbe unaujaribu usultani!"

Hakutaka kusikia neno. Bakora ikatiwa motoni, fundi akatiwa gerezani, na mpiga mbiu akapita mjini akitangaza kwamba Sultani anataka bakora nyingine, nayo isiguswe na mkono wa mtu duni tangu ingali gogo hata itakapokwisha. Atakayeweza, Fundi Haruni atafunguliwa kwa ajili yake. Atakayejaribu akashindwa, atamfuata huko huko gerezani.

Wachongaji wote wakaugua ghafla, huyu mgongo, huyu macho. Binti Haruni akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Baba yangu mzee, na sakafu ya gereza ina maji," akamwambia mumewe. "Atakufa mle, na hakuna atakayesema neno."

Mwinchande alimpenda mkewe, tena alimpenda na baba mkwe wake, na moyo ukamuuma. "Nyamaza, mke wangu," akasema. "Sultani anataka fundi asiyegusa mti. Nani anafaa kuliko mimi? Kila mti nilioupata kuugusa ulijuta."

Akaenda barazani, mikono ameificha kwapani. Gogo la mpingo lilikuwa juu ya mkeka mbele ya Sultani, pamoja na tezo na visu.

"Wewe ndiwe fundi?" akauliza Sultani.

"La, Maulana, mimi ni mkwewe fundi. Nilipoozwa binti yake, sikupewa na ufundi."

"Na utachongaje bila kugusa?"

"Mikono yangu ni duni, Maulana, na hata isingalikuwa duni, ingaliharibu. Lakini katika baraza hii uko mkono mmoja usio duni. Au nimekosea?"

Watu wote wakatazama chini. Sultani akautazama mkono wake mwenyewe.

Waziri akafoka, "Ewe mjinga! Wamtaka Sultani achonge kama fundi?"

"Mimi sitaki kitu, Bwana Waziri, ni amri inayotaka. Lakini ikiwa kazi hii ni ngumu kwa Maulana, na tuseme hivyo, twende zetu nyumbani."

"Ngumu!" akasema Sultani. "Wewe umeweza kushika tezo, nami nishindwe? Lete hapa!"

Basi Sultani akawa anachonga, na Mwinchande anaelekeza kwa kidevu, maana mikono hakuthubutu kuitoa. Tezo ikateleza ikakata mkeka. "Vema sana," akasema Mwinchande, "mimi nilianza kwa kukata kanzu yangu." Viganja vya Sultani vikatoka malengelenge. "Mimi pia nilikuwa nayo, Maulana, ila yangu hayakuzaa kitu." Siku zikapita, na ikawa Sultani akiamka huuliza visu kabla ya chai, na waziri akija na mashauri hufukuzwa. Masikio ya simba yakakatika, pua ikabonyea, mdomo ukapanuka mpaka mashavuni. Sultani hakuyaona hayo. Akamsugua kwa msasa, akampaka mafuta, akamfuta kwa ncha ya kilemba chake.

Kisha, bila kuambiwa na mtu, akainuka, akaiegemea, akaanza kutembea barazani polepole huku ametega sikio. Mwinchande akamkazia macho, kwani hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu mwanzo, na lisingalitokea, hakuwa na hila nyingine yoyote kichwani.

"Maulana, mbona waiegemea, nawe huna safari?"

"Nasikiliza inavyogonga. Nimeichonga mwenyewe, nitajuaje kama imekwisha mpaka..." Hatua ya Sultani ikakatika.

"Ndivyo, Maulana," akasema Mwinchande kwa upole. "Na Fundi Haruni alikuwa akisikiliza hivyo hivyo."

Aibu ikamshika Sultani mbele ya watu wake, akakiinamisha kichwa. Kisha akasema, "Mleteni yule mzee. Mchukueni taratibu."

Fundi Haruni akaletwa, macho yakimuuma kwa mwanga. Kitu cha kwanza alichokiona ni ile bakora.

"Ee mkwe wangu," akasema kwa huzuni, "chura huyu ni kazi yako?"

Mwinchande akamtazama Sultani, akamtazama mzee, akatoa mikono kwapani.

"Naam, baba," akasema. "Nani mwingine?"

"Mwongo huyo!" akapiga kelele Sultani. "Nimemchonga mimi, tena ni simba!" Hapo akamtazama simba wake vizuri, kwa mara ya kwanza, akaanza kucheka, akacheka mpaka akahitaji kuiegemea bakora asianguke.

Basi Sultani akaifuta ile amri, akamrudisha Fundi Haruni kwa binti yake akiwa amevikwa joho, akamwambia Mwinchande, "Nawe nakufanya mchongaji wa jumba langu."

"Nisamehe, Maulana," akasema Mwinchande. "Jumba lako tayari lina mchongaji mbaya. Tukiwa wawili, mji utahama."