Dua Aliyoiongoza Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa bonde moja walikuwa na chama chao cha hisani, kinachimba visima, kinazika maiti, na mwenyekiti wake alikuwa Fisi. Ndiyo, Fisi! Msiniulize alichaguliwaje.

Kila mwaka chama kiliandaa dua ya pamoja, dini zote zikaja. Nyati huomba wamesimama, viboko huomba majini, swala huinama kuelekea mawio. Dini ziliongoza kwa zamu, na sheria ilikuwa hii: anayeongoza hufuatwa na wote, na wote hufumba macho. Watoto walikaa mstari wa mbele, na Fisi nyuma yao, eti awalinde.

Mwaka uliopita, macho yalipofumbuliwa, Mbwana, mtoto wa kwanza wa Mama Pimbi, hakuwepo. Hakuwepo! Fisi akaja matangani na kilo ya sukari, akasema, "Pole, binti yangu. Mungu alitoa, Mungu ametwaa." Na katikati ya meno yake, manyoya ya kijivu ya pimbi! Mama Pimbi aliyaona. Aliwaambia majirani, wakamwambia huzuni imemchanganya, basi akarudi kwake, akangoja zamu ya pimbi.

Mwaka huu akaenda kikaoni, Kidawa, mtoto aliyembakia, yuko mgongoni.

"Zamu ya kuongoza ni yetu pimbi," akasema.

Nyati, katibu wa chama, akaangua kicheko. "Pimbi nao wana dini? Kuota jua juu ya jiwe ndiyo ibada?"

"Ndiyo, kaka Katibu. Kwani yako ya kusimama kama kichuguu inazidi nini?"

"We! Adabu!"

"Sheria ni yenu. Au ni ya wenye pembe tu?"

Fisi akamtazama Kidawa, akameza mate. "Mwacheni mama wa watu aongoze. Ila mtoto akae mbele na wenzake. Ndio utaratibu."

Siku ya dua Mama Pimbi akamshusha mwanawe, akapanda jiwe. Wote wakafumba macho. Yeye akaacha jicho moja upenyo mdogo kama uzi, na alichokiona, wanangu, nusura kimuue: Fisi aliinama, hap! Kidawa mzima mzima ndani ya mashavu!

Moyo ndi! ndi! ndi! Akipiga kelele, Fisi atameza. Akaikaza sauti.

"Kwetu pimbi, wakubwa huitikia amina mmoja mmoja, kinywa wazi, jua liingie. Asiyeitikia ameilaani mvua ya mwaka mzima. Kaka Katibu!"

"AMIIINA!" Nyati akanguruma.

"Mzee Kiboko!"

"AMINA!"

"Mheshimiwa Mwenyekiti!"

"Mmh."

"Hatujakusikia, Mheshimiwa."

"Mmmh-mmh!"

"Bwana we, itikia!" Kiboko akafoka. "Ngozi yangu inakauka hapa!"

"Mvua, Mwenyekiti!" swala wakalia. "Unatulaania mvua?"

Macho yakaanza kufumbuka, moja, mawili, bonde zima, yote kwa Fisi. Jasho likamtoka. Akajaribu kuitikia kwa pembe ya mdomo, "Ami—"

Pu! Kidawa akaanguka chini, amelowa mate, mzima. "Mamaaaa!"

"Ni-nilikuwa namkinga na jua!" Fisi akasema.

"Na Mbwana ulimkinga na nini?" Mama Pimbi akaruka kutoka jiweni, mdogo vile, akasimama mbele ya pua ya Fisi. "Sema! Wasikie!"

Fisi akageuka, mbio! na Nyati nyuma yake, pembe chini, vumbi tifu! tifu! tifu! mpaka ng'ambo ya milima, na bondeni hakurudi tena.

Nyati aliporudi anahema, alimkuta Mama Pimbi anamlamba mwanawe, anamlamba tu, haachi.

"Dada, tusamehe. Sisi hatukuona."

"Mtaonaje, kaka? Mliambiwa mfumbe, mkafumba. Nilipowaambia, mkasema huzuni imenichanganya." Akamfunga Kidawa mgongoni kwa mafundo mawili, akaondoka bila kuaga.

Basi shikeni hili, wanangu: anayekuhimiza ufumbe macho, mtazame kwanza mdomo wake.